Maswali ya Wasomaji: Pete ya Almasi ya Njano, Rangi Yake na Bei Yake

Tangu tuandike kuhusu pete za uchumba, barua zimekuwa zikija kuhusu almasi za njano kuliko jiwe jingine lolote. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Ndugu wahariri, duka moja la Deira, Dubai, limenipa bei ya pete yenye almasi ya karati 1.50 wanayoiita "canary". Cheti cha duka lenyewe kinasema Fancy Intense Yellow. Duka la jirani lina jiwe la uzito uleule, lina ripoti ya GIA iliyoandikwa Y-Z, na bei yake ni nusu ya lile la kwanza. Kwa macho yangu yote mawili ni njano ileile. Nimwamini nani?
*Mchumba, Kizingo, Mombasa*

Mwamini mwenye ripoti ya GIA, maabara huru ya Marekani inayopima vito, mpaka huyu wa kwanza athibitishe. Kati ya Y-Z na Fancy Intense kuna madaraja mawili mazima. Mawe yaliyoachana kiasi hicho hutofautiana hata kwa mtu asiyejua lolote, mradi yawe yametolewa kwenye pete na kuwekwa pamoja juu ya kitu cheupe. Kama yanafanana, ama la kwanza si Intense, ama kuna kinachoyafananisha: taa za duka, au dhahabu iliyolishika jiwe.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana bei yote imeegemea hapo. Kipimo cha rangi cha GIA, kilichobuniwa miaka ya 1950, kinaanzia herufi D, yaani almasi isiyo na rangi kabisa, na kuishia Z. Hakikuanzia A kwa sababu wauzaji walikuwa wameshazichosha A, B na C, wengine wakifika hadi AA na AAA. Ukitoka D kwenda Z unjano unaongezeka kidogo kidogo na bei inashuka. Ukishavuka Z, mambo yanageuka. Jiwe linaingia kwenye madaraja ya almasi za rangi na bei inaanza kupanda: Fancy Light Yellow, Fancy Yellow, Fancy Intense Yellow, kisha Fancy Vivid Yellow. Kando yake kuna Fancy Deep na Fancy Dark, kwa mawe ambayo rangi yake ni nzito au imeingia giza.

Kwa hiyo sehemu ambayo njano ni rahisi kuliko zote, yaani herufi za mwisho mwisho, imepakana ukuta kwa ukuta na sehemu ambayo bei inaanza kupanda. Udanganyifu wa almasi za njano umepiga kambi hapo hapo. Jiwe la W-X au Y-Z likipewa jina la Fancy, muuzaji amepata faida bila kuongeza chochote. Zingatia pia maneno "Light Yellow" yasiyotanguliwa na Fancy. Hayo ni maelezo ya mawe ya S hadi Z, wala si almasi ya rangi kwa maana ya ripoti. Na "canary" si daraja. Ni jina zuri la biashara, na hakuna maabara inayokuzuia kulitumia kwa jiwe lolote lenye unjano.

Jambo la pili ni kwamba daraja la rangi hupewa jiwe likiwa peke yake, halijafungwa kwenye pete. Mawe ya D hadi Z hutazamwa yakiwa yamepinduliwa, uso wa juu ukilala chini, kando ya mawe ya kulinganishia na chini ya taa maalumu inayofanana na mwanga wa mchana. Almasi za rangi hutazamwa kwa juu, kama zitakavyoonekana kidoleni. Ndiyo maana mkato unaweza kulivusha jiwe mpaka kwa haki kabisa. Mkato wa radiant, wa mraba au mstatili wenye pembe zilizokatwa, aliouleta Henry Grossbard mwaka 1977, huurudisha mwanga ndani ya jiwe mara nyingi kabla haujatoka, na rangi ikionekana kwa juu inazidi ile ya pembeni. Wakataji wengi wamechukua mawe ya herufi za mwisho, wakayakata upya kwa mtindo huo, yakapata Fancy Light. Hakuna wizi hapo. Wizi ni kuandika Fancy kwa jiwe ambalo maabara haijalisema hivyo.

Ufanye nini basi? Liambie duka la kwanza kwamba utanunua kwa sharti: jiwe litolewe kwenye pete, lipimwe uzito mbele yako, na lipelekwe maabara huru kwa gharama mtakayokubaliana. Likirudi Fancy Intense, unalipa bei yao. Likirudi chini ya hapo, unarudishiwa amana yako yote. Sharti hilo liandikwe kwenye risiti, pamoja na uzito, vipimo kwa milimita na maneno "rangi ya asili, jiwe halijafanyiwa chochote". Mwenye jiwe la kweli hatakosa sababu ya kukubali, kwa kuwa ripoti ya GIA inampandishia bei. Na usidhani kila karatasi yenye jina la maabara ina uzito sawa. Mwaka 2014 RapNet, soko kubwa la mtandaoni la wafanyabiashara wa almasi, liliacha kuorodhesha mawe yenye ripoti za EGL, jina jingine la maabara za almasi, kwa sababu madaraja yake yalikuwa yakilalamikiwa kuwa ya juu mno. Cheti cha duka kwa jiwe la duka hakifiki hata hapo.

Sisi, kwa bajeti ya kawaida, tungenunua Y-Z kwa bei ya Y-Z. Likiwa limekatwa radiant au cushion (umbo la mto, lenye pembe za mviringo) na kukalishwa kwenye dhahabu ya njano, litaonekana njano kwa kila atakayeangalia kidole cha mchumba wako. Ukitaka kubana zaidi, tafuta karati 1.45 badala ya 1.50. Bei kwa karati huruka kwenye namba zilizokamilika, 1.00, 1.50 na 2.00, ilhali karati moja ni gramu 0.2 tu. Kati ya 1.48 na 1.50 kuna miligramu 4.

Nikienda dukani niangalie rangi vipi kwa macho yangu? Kila jiwe linang'aa tu.
*Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam*

Linang'aa kwa sababu duka limepangwa ling'ae. Taa ndogo za darini nyingi zina mwanga wa joto, wenye umanjano, nao humwongezea kila jiwe la njano chumvi. Omba jiwe lisafishwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo na brashi laini, likaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mafuta ya vidole huzuia mwanga na kulifanya jiwe liwe zito kuliko lilivyo. Kisha sogea nalo mlangoni au dirishani, kivulini, kati ya asubuhi iliyokwisha kucha na saa tisa alasiri. Jua la moja kwa moja halifai, litakuonyesha vimulimuli tu. Usivae nguo ya njano au nyekundu siku hiyo, na angalia ukuta ulio karibu nawe, maana almasi hurudisha rangi ya kilichoizunguka.

Weka jiwe juu ya kadi nyeupe isiyong'aa. Karatasi ya kawaida ya fotokopi si nzuri sana. Ina kemikali ya kuongeza weupe ambayo kwenye mwanga wa mchana hutoa ubuluu, na ubuluu hufifisha njano. Litazame kwa juu ukiwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, kisha litikise polepole. Unatafuta rangi iliyoenea. Mawe mengi dhaifu yana njano nzuri pembeni na katikati pamepauka, unaona hadi chini kama kupitia dirisha. Kwa mkato wa yai, tone au mashua, angalia pia kivuli cheusi kinachokatiza katikati mfano wa tai ya kipepeo. Kidogo ni kawaida, kikibaki palepale unapoligeuza jiwe, liache.

Usilitazame jiwe moja tu. Omba la pili la ukubwa na mkato unaokaribiana, uyaweke kando kwa kando, kisha uyabadilishe nafasi. Jiwe kubwa huonekana na rangi kali kuliko dogo la daraja lilelile, kwa hiyo karati 3 mbele ya karati 1 si mizani ya haki. Macho nayo huchoka. Ukikodolea njano kwa dakika nzima, jiwe litakalofuata utaliona limefifia, kwa hiyo pumzisha macho kwenye kitu cha kijivu kwanza.

Kama unanunua kwa simu, picha hazikusaidii sana kwa sababu kamera hujirekebishia rangi yenyewe. Omba video moja isiyokatwa, jiwe likiwa kivulini nje, kadi nyeupe na vidole vya mtu vikiwa ndani ya picha hiyo hiyo. Ngozi ikiwa imegeuka rangi ya chungwa, almasi nayo imegeuka.

Nina ripoti ya GIA ya pete ninayotaka kuinunua hapa Muscat. Kwenye rangi imeandikwa Fancy Brownish Yellow, na mstari mwingine unasema Uneven. Hii ni nzuri au mbaya? Na ninajuaje kuwa ripoti ni ya jiwe hili?
*Msomaji, Muscat*

Kwenye jina la rangi, neno la mwisho ndilo rangi kuu, na lililotangulia ni rangi iliyochanganyika nayo. Jiwe hili ni la njano lenye ukahawia. Wapo wanaoipenda rangi hiyo ya asali, ila bei yake inapaswa kuwa chini ya Fancy Yellow iliyo safi. Muuzaji akikulinganishia na bei za Fancy Yellow huku akimeza neno Brownish, mkumbushe. Uneven maana yake rangi haikuenea sawasawa inapotazamwa kwa juu. Si aibu, ni jambo la kulithibitisha kwa macho: kama mpauko unaonekana bila lenzi, bei ishuke.

Mstari muhimu kuliko huo ni ule wa asili ya rangi. Uwe na neno Natural. Ukisoma Treated, njano hiyo imetengenezwa, ama kwa mionzi ikifuatiwa na joto, ama kwa joto na shinikizo kubwa linaloweza kuyageuza mawe ya kahawia yakawa ya njano au ya kijani-njano. Almasi yenyewe ni ya ardhini, lakini bei ni nyingine kabisa. Soma pia sehemu ya maoni iliyo chini kwa herufi ndogo, kwa kuwa wengi huishia kwenye daraja. GIA pia ina ripoti fupi ya almasi za rangi inayotaja rangi na asili yake tu, bila daraja la usafi, yaani kipimo cha dosari za jiwe. Ni halali, mradi usikubali muuzaji ajazie usafi kwa mdomo. Akikuambia jiwe lako la cushion lina mkato wa "Excellent" kwa mujibu wa GIA, muulize imeandikwa wapi, maana daraja hilo hutolewa kwa almasi za duara za D hadi Z.

Kulinganisha ripoti na jiwe kunataka hatua tatu. Ingiza namba ya ripoti kwenye tovuti ya GIA uone kama kila mstari unafanana na karatasi uliyo nayo. Chukua lenzi ya mara kumi usome namba iliyochongwa kwa leza kwenye ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe; huenda imefichwa na kucha za pete, na si kila jiwe limechongwa. Kisha pima urefu, upana na kina kwa kipimo cha milimita. Ripoti huandika hadi sehemu ya mia ya milimita, nawe ukipata tofauti ya 0.2 au zaidi, jiwe ni jingine au limekatwa upya. Namba ya leza peke yake haitoshi, kwani imewahi kuchongwa namba ya jiwe la asili kwenye jiwe la maabara, yaani almasi iliyokuzwa na watu badala ya kutoka ardhini.

Fundi amegusa jiwe kwa kalamu ya kupimia almasi, ikalia. Bei ni ya chini mno kwa Fancy Vivid Yellow. Nichukue?
*Msomaji wa Eastleigh, Nairobi*

Kalamu hiyo hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Itaikataa zirkonia, jiwe la kutengenezwa linaloigiza almasi, na yakuti ya njano, lakini almasi ya maabara itaipitisha kwa sababu ni almasi kweli, na kalamu za joto pekee hupitisha hata moissanite, jiwe jingine la kuigiza almasi. Moissanite unaitambua kwa lenzi: ukilitazama jiwe kwa kulilaza kidogo, kingo za upande wa chini huonekana mbili mbili.

Bei ya chini na rangi kali vikikutana, wa kwanza kushukiwa ni almasi ya maabara. Njano ni miongoni mwa rangi rahisi kutengeneza kwa joto na shinikizo kubwa, kwa kuwa naitrojeni ya hewani huingia yenyewe ndani ya jiwe linapokua, chembe mojamoja, na chembe hizo zikikaa hivyo hutoa njano iliyokolea. Ardhini, kwa muda mrefu usiohesabika, naitrojeni hujikusanya katika makundi, na njano inayobaki kwa kawaida ni nyepesi. Ndiyo maana njano iliyokolea ya asili ni adimu, na mawe kama yale ya Zimmi, Sierra Leone, hutafutwa sana.

Baadhi ya mawe ya maabara yamebaki na chembe za chuma ndani. Jiwe lisilofungwa likivutwa na sumaku kali ya neodimiamu, shaka inakuwa kubwa. Lisipovutwa, hujathibitisha chochote. Maabara tu ndiyo inayokata shauri. Hatuna ubaya na almasi ya maabara, inunue ukiipenda, ila kwa bei yake na risiti iseme hivyo.

Kwa lenzi hiyo hiyo angalia mambo mengine mawili. Mikwaruzo myeupe kwenye kingo za upande wa chini, au mng'ao wa rangi za mafuta juu ya maji, huashiria jiwe lililopakwa rangi. Rangi iliyojikusanya kuizunguka ncha ya chini kama mwavuli ni dalili ya mionzi ya mtindo wa zamani.

Kuna mtu hapa Shinyanga ana almasi mbichi ya njano, anasema ni Vivid na ina cheti cha Kimberley. Nataka nimpelekee sonara aikate iwe pete.
*Msomaji, Shinyanga mjini*

Cheti cha Kimberley, kilichoanza mwaka 2003, kinahusu shehena za almasi mbichi zinazovuka mipaka ya nchi. Hakisemi lolote kuhusu rangi, na mtu anayeuza jiwe moja mtaani hapewi. Daraja la Vivid nalo hutolewa kwa jiwe lililokatwa. Ngozi ya jiwe bichi hudanganya, huweza kuwa ya kijani au kahawia na ndani kukawa kwingine, na ukataji wa kawaida huondoa nusu ya uzito au zaidi. Sonara wa dhahabu si mkataji wa almasi, hizo ni fani mbili. Nunua kupitia soko la madini, kwa mfanyabiashara mwenye leseni, la sivyo jiwe na fedha vyote vinaweza kukutoka kwa mkupuo mmoja.

Nina almasi yangu ya Fancy Light Yellow yenye ripoti. Nataka pete ya dhahabu nyeupe, lakini shangazi anasema jiwe litapauka. Ni kweli? Na sonara nimwambie nini?
*Bi. Harusi mtarajiwa, Mkunazini, Zanzibar*

Shangazi amesema kweli nusu. Mwili wa pete unaweza kuwa mweupe upendavyo. Kinacholigusa jiwe ndicho kinacholipa rangi: kikombe kinachokaa chini yake na kucha zinazolishika. Hivyo viwe dhahabu ya njano ya karati 18, yenye muhuri wa 750. Kwa jiwe la Fancy Light tofauti huonekana mara moja. Na usichanganye karati hizi na zile za jiwe, hizi ni za usafi wa dhahabu, sehemu 18 kati ya 24.

Kikombe kiwe wazi chini. Kilichozibwa kinaweza kufichiwa karatasi ya rangi au wino, na hata kisipofichiwa kitu, huwezi kusafisha mafuta na vumbi vinavyojaa humo.

Kosa linaloharibu pete za namna hii hutokea mwishoni kabisa. Dhahabu nyeupe huchovywa rodiamu, metali nyeupe inayong'aa, ili iwe nyeupe zaidi. Fundi akiichovya pete nzima bila kukikinga kikombe, rodiamu hushika kila mahali, kikombe cha njano kinageuka cheupe na jiwe linapauka siku hiyo hiyo. Mwambie akipake kikombe na kucha laka ya kuzuia kabla ya kuchovya, au achovye mwili wa pete kabla ya kuunganisha kikombe. Rodiamu huisha kwa kuvaliwa na utairudia baada ya muda, kwa hiyo mwandikie maelezo haya, na kila fundi atakayefuata mpe karatasi hiyo hiyo.

Kazi yoyote ya moto, kama kupanua pete, ifanywe jiwe likiwa limetolewa. Almasi huungua usoni ikipata joto kali penye hewa na kubaki na ukungu mweupe unaohitaji kung'arishwa upya, na hapo uzito hupungua. Jiwe lako ni la rangi ya asili, lingekuwa la mionzi lingeweza hata kubadilika rangi. Kabla hujaliacha kwake, lipime mbele yake, mwandikishane uzito na namba ya ripoti, na siku ya kuchukua pete uje na lenzi uisome namba ile tena kabla ya kumalizia malipo.